Kahawa Iliyoachwa Ipoe

Madaba, 4 Februari 2018

Shangazi Nijma kipenzi,

Salamu zangu zikukute huko Dammam ukiwa na afya, wewe na Ami Khalaf. Huku tupo, tunashukuru, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mama analala na soksi mbili na bado analaumu dirisha. Kaka Muath amepata mtoto wa pili, wa kike, wamemwita Juri, ana sauti ya muuza tikiti maji. Mizeituni ya nyuma ya nyumba ilizaa vizuri. Mama amekuwekea dumu la mafuta na mtindi mkavu wa kupikia nyama ya mansaf, na Abu Sanad dereva wa basi ameahidi kukuletea pamoja na barua hii. Mhesabie vidonge vya mtindi mbele ya macho yake, maana unamjua.

Utauliza kwa nini nakuandikia kwa karatasi kama watu wa enzi za babu. Simu yangu imechukuliwa, iko kwa wapelelezi. Usishtuke. Na tafadhali usimpigie baba.

Nilikwambia mwaka jana kwamba lile jengo kubwa la maduka la Nawras kule Amman huwa linawapa wasanii ukumbi wa katikati, pale kati ya duka la manukato na muuza aiskrimu. Safari hii walinipa mimi. Nikapanga viti kama barazani, safu mbili zinazotazamana, na mbele ya kila kiti kikombe cha kahawa chungu, kahawa ya kweli, imejaa, inapoa. Ukutani nikaandika: HATUNYWI MPAKA MTUJIBU. Basi. Ni wazee waliokwenda nyumbani kwa mtu kuomba jambo, wakaweka vikombe chini, wakangoja mwenye nyumba aseme, "Kunyweni kahawa yenu, mlilolijia mmelipata." Ila wazee wenyewe hawapo, na ombi lao sikuliandika.

Nilidhani watu watapiga picha na kupita. Shangazi, watu walikaa! Siku ya kwanza mama mmoja na mifuko yake ya sabuni aliuliza, "Hapa anaposwa nani?" Nikamwambia hakuna, ni sanaa. Akasema, "Basi mimi ninalo ombi," akakaa, akasema hanyanyuki mpaka mwanawe apewe kitanda hospitalini. Akaja kijana na vyeti vyake, anaomba kazi. Akaja mzee anataka mkewe arudi nyumbani, watu wakamcheka, na yeye akacheka, lakini hakuondoka. Ilipofika Alhamisi viti vyote vimejaa na wengine wamekaa sakafuni, na muuza aiskrimu amekasirika kwamba hakuna anayenunua.

Meneja akaamuru vikombe viondolewe. Wasafishaji wakakataa! Mmoja alimwambia waziwazi, "Bwana, mimi nimwage kahawa ya wazee kabla hawajajibiwa? Nina mabinti wa kuoza mimi. Shika wewe ndoo." Meneja naye hakuishika. Walinzi wakatazama dari. Mwisho ikaamuliwa pazungushiwe mbao, watu wasione.

Kabla ya mbao, mwenye jengo alikuja mwenyewe. Mtu mzima, mrefu, nadhifu. Alisimama mbele ya kikombe cha kwanza muda mrefu, halafu akaniuliza, "Wewe binti wa nani?" Nikasema, wa Nayif, wa Madaba. Akatoa kicheko ambacho hakikuwa kicheko. "Nayif ndiye aliyekutuma?" Kesho yake nikaitwa kituoni: kukusanya watu bila kibali, na kumdhihaki mwenye jengo ndani ya mali yake. Pasipoti yangu wamebaki nayo. Baba ametia sahihi kunidhamini, na sharti ni kwamba nisitoke nyumbani bila yeye.

Anaitwa Rushdi, Abu Yazan. Nikilitaja jina hilo baba anatoka chumbani. Shangazi, wewe unamjua?

Wako,
Ghadir


Dammam, 2 Machi 2018

Ghadir mwanangu, kichwa kigumu,

Mafuta yamefika, Mungu ambariki mama yako. Dumu limefika limepungua. Abu Sanad anasema ni mtikisiko wa njia. Mtikisiko huo una mdomo na unapenda mkate. Mpe Muath hongera, na umwambie jina Juri ni zuri, ila mtoto wa kike wa kwanza ndiye angepaswa kupewa jina la bibi yake, nisisikie kisingizio. Ami Khalaf hajambo, anakusalimu. Huku joto limeanza kupiga hodi.

Nimesoma barua yako jikoni, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu kwa huyo msafishaji mwenye mabinti. Halafu nikaacha kucheka. Mtoto wewe, kwa nini usichore maua? Watu wanaingia dukani wanunue viatu, wewe unawawekea baraza la posa. Na umeliweka ndani ya nyumba ya mtu, ukamfanya mwenyeji bila kumwalika kuwa mwenyeji. Vikombe viko mbele yake, hawezi kuvimwaga, hawezi kuvijibu. Umemfunga kamba kwa desturi yake mwenyewe. Na yeye akakufunga kwa karatasi za serikali. Sasa mmekaa wote wawili.

Unaniuliza kama namjua. Madaba ya wakati ule ilikuwa ndogo, kila mtu alimjua kila mtu, hata mbuzi tuliwajua kwa majina. Tuyaache hayo.

Nami nikuulize. Hivyo viti vyako ulivyovipanga, ni vya wanaume watupu?

Usigombane na baba yako. Kula. Mtu aliyefungiwa akiacha kula, aliyemfungia anapata kisingizio cha kumwita mgonjwa.

Shangazi yako,
Nijma


Madaba, 9 Aprili 2018

Shangazi yangu,

Natumaini u mzima, na Ami Khalaf pia; mbona siku hizi hasemi hata neno moja kwenye barua zako? Zamani hakukosa kuniongezea mzaha chini ya ukurasa. Huku mlozi umechanua na kumaliza. Juri ameanza kucheka. Mama ameumwa goti lakini sasa anatembea, kwa hiyo ameanza tena kusafisha vitu ambavyo si vichafu.

Mimi nipo chumbani. Sijafungwa mnyororo, usinielewe vibaya. Mlango uko wazi. Naweza kwenda jikoni, naweza kwenda uani, naweza kumwagilia mnanaa. Nikifika lango la nje, baba anakohoa. Hasemi kitu, anakohoa tu pale kwenye kiti chake, nami narudi. Nimeanza kuota kikohozi chake. Nataka kupiga kelele, Shangazi, na nikipiga kelele majirani watasema, unaona, binti wa Nayif.

Kesi imeahirishwa tena na tena. Kila tukienda, mlalamikaji hajaja. Hakimu anauliza, wakili wa Nawras anasema, "Tunaomba muda." Hafuti kesi, haiendeshi. Na mwezi wa tisa ninatakiwa Tunis, nina nafasi ya mwaka mzima kwenye karakana ya wachongaji, nafasi niliyoiomba mara tatu. Bila pasipoti naipoteza, na hawataniita mara ya nne.

Wazee wa ukoo walikuja nyumbani. Wakasema jambo hili dawa yake moja: Nayif aongoze wazee, waende kwa Rushdi, waweke kikombe chini, waombe amsamehe binti. Baba akasimama. "Mimi? Mimi nikaweke kikombe mbele ya Rushdi?" Akatoka, akaacha wageni wamekaa. Umewahi kumwona baba akiacha wageni?

Usiku ule mama alinivuta jikoni akafungua bomba la maji ili asisikike, akaniambia. Kwamba mwaka wa themanini na sita Rushdi, wakati huo dereva wa lori la mchanga, alileta wazee kukuposa wewe. Babu alikuwa ameshafariki, baba ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba. Wakaweka kikombe chini. Na baba hakusema ndiyo wala hapana. Aliongea habari za mvua, habari za bei ya shayiri, mpaka kahawa ikapoa kabisa, na wale wazee wakainuka wenyewe na kuondoka bila kunywa. Mlangoni ndipo alipomwambia Rushdi, "Dada yangu amekataa."

Sasa naelewa. Mtu yule alidhani baba amenituma nimcheke kwa kahawa iliyopoa, ndani ya nyumba yake, mbele ya watu wote. Naye anamlipa baba kwa sarafu ileile: hajibu. Ananiacha nipoe.

Mimi nilichokuwa nakijua ni neno moja tu la bibi, "Katika nyumba hii kahawa iliwahi kupoa," akikataa kueleza. Nililibeba neno hilo tangu utotoni, nikalifanyia kazi, bila kujua ni la nani.

Baba anashikilia kwamba ulikataa. Je, ni kweli ulimkataa? Mwanasheria wetu anasema kama Rushdi ataelewa kwamba hakudharauliwa na ukoo, huenda akalegea. Nijibu haraka.

Viti, ndiyo, ni vya wanaume. Ndivyo desturi ilivyo.

Ghadir


Dammam, 20 Mei 2018

Ghadir,

Ramadhani njema kwenu nyote. Barua yako ilinifikia mapema, nimechelewa mimi. Abu Sanad amepita mara mbili akiuliza, "Umm Talal, hakuna bahasha?" na mara mbili nimempa tende arudi zake. Nimefurahi goti la mama yako limepona. Mpe Juri busu kwenye paji la uso.

Umeuliza habari za Ami yako. Amepooza upande wa kulia tangu mwezi wa kumi na moja. Hasemi. Mwanangu Talal yuko Kanada na anatuma picha za theluji. Namgeuza kitandani asubuhi, adhuhuri na jioni, namlisha kwa kijiko, namnyoa. Ruhusa yangu ya kusafiri iko kwa jina lake, na mkono wake haushiki kalamu. Kwa hiyo mwanangu, usinieleze mimi habari za lango na kikohozi. Sikukwambia kwa sababu ungemwambia baba yako, na baba yako angesema, "Mlete Madaba," kana kwamba mtu mzima ni dumu la mafuta.

Khalaf hakuwa mtu mbaya. Hilo nalo nalisema.

Sasa swali lako. Sikumkataa. Wala sikumkubali. Siku ile nilikuwa jikoni. Mimi ndiye niliyekaanga ile kahawa, mimi ndiye niliyeitwanga na iliki, mimi ndiye niliyeichemsha mara tatu. Nilikuwa najua ni nani aliyekuja, nilikuwa nimemwona dirishani, amevaa koti la kuazima, mikono inaning'inia. Nikamimina kahawa, Nayif akaja kuchukua sinia mlangoni, hakunitazama. Nikangoja. Nilidhani atarudi kuniuliza, maana hata kwa sheria ya dini mtu huulizwa. Nilikuwa nimeshafuta mikono, nimesimama pale pale, jibu liko mdomoni. Nikasikia habari za mvua. Nikasikia habari za shayiri. Halafu nikasikia viatu. Sinia ikarudi vikombe vimejaa, na mimi ndiye niliyevimwaga.

Baada ya miezi minne nikawa mke wa Khalaf huku Dammam.

Hayo nimekwambia wewe. Usiyapeleke kwa mwanasheria, usiyapeleke barazani. Nayif ni kaka yangu, amezeeka, na ukoo mzima ulisikia akisema nilikataa. Ukimvua nguo mbele ya wazee hutamvisha tena. Nimenyamaza muda mrefu mno kuja kuaibisha mtu sasa. Nafahamu nimekufunga zaidi: unajua, na huwezi kusema. Karibu. Mimi nimekaa hapo miaka thelathini na mbili.

Nijma


Madaba, 3 Julai 2018

Shangazi yangu, shangazi yangu,

Sijui nianzie wapi. Poleni, poleni sana kwa Ami Khalaf. Nimelia, na mama amelia, maana habari ya ugonjwa nilimwambia, hilo hukunikataza. Ametuma mafuta ya habasoda ya kumkanda, yamo kwenye mfuko pamoja na nguo. Muath anataka kuja kukusaidia, anashughulikia viza. Sisi wengine tu wazima. Sikukuu ilipita kimya.

Ulilonikataza sikulisema. Naapa. Ila nilifanya jambo moja. Siku ya pili ya sikukuu nilikaanga kahawa mwenyewe, nikaitwanga na iliki, nikaichemsha mara tatu, nikampelekea baba kwenye kiti chake. Akanywa, akasema nzuri. Nikamwuliza, "Baba, siku ile walipokuja wazee wa Rushdi, kahawa alichemsha nani?"

Hakukohoa. Alikiweka kikombe chini. Nikadhani atanipiga, na hajawahi kunipiga maishani. Akatazama mnanaa, akatazama lango. Mwishowe akasema, "Mwambie Muath atoe gari Ijumaa."

Basi Ijumaa walikwenda, wazee saba, baba mbele. Mimi nilibaki nyumbani, wanawake hawaendi. Yaliyotokea kanisimulia Muath, na amenisimulia mara tano maana nimemlazimisha.

Rushdi aliwapokea vizuri, kwa heshima zote. Nyumba kubwa, mazulia mpaka ukutani. Kahawa ikaja. Baba akaweka kikombe chini, akasema, "Abu Yazan, tuna haja kwako." Rushdi akasema, "Naijua haja yenu. Kabla sijakujibu, Nayif, nina swali. Siku ile mlangoni uliniambia dada yako amekataa. Alikataa?"

Mzee Dhaif, yule mjuzi wa mambo haya, akajaribu kuokoa jahazi: "Jamani, ya kale hayanuki." Rushdi akasema, "Hayanuki kwako, hujalala nayo." Akamtazama baba.

Baba aliutazama mvuke ukiisha kwenye vikombe. Halafu akasema, mbele yao wote, "Hatukumuuliza."

Hivyo tu. Rushdi akageuza uso upande wa dirisha. Muath anasema mabega yake yalishuka, ghafla akawa mzee. Akasema bila kugeuka, "Kunyweni kahawa yenu. Mlilolijia mmelipata." Wakanywa. Baba alikunywa wa mwisho.

Kesi imefutwa! Pasipoti ninayo mkononi, nimelala nayo chini ya mto kama mtoto na kiatu kipya. Mwezi wa tisa naenda Tunis. Na kule Nawras zile mbao zimetolewa kwa amri ya Rushdi mwenyewe. Vikombe vinajazwa kahawa mpya kila asubuhi, watu wanakaa, na yule msafishaji ndiye msimamizi, ana kofia. Magazeti yanataka kunihoji. Jana nimetoka langoni nikaenda mpaka kwa muuza mkate na kurudi, na baba hakukohoa.

Shangazi, unaona? Ukweli umesemwa barazani, na si mimi niliyeusema, wala si wewe. Ukoo wote sasa unajua hukukataa. Rushdi anajua. Umelipwa haki yako mbele ya wazee wote. Nimefurahi kwa ajili yako kuliko kwa ajili yangu. Sasa unaweza kupumua.

Ghadir wako, aliye huru


Dammam, 11 Agosti 2018

Ghadir mwanangu,

Hongera. Nimesujudu shukrani kwa ajili ya hiyo pasipoti. Habasoda imefika, na Khalaf amekandwa. Vidole viwili vinacheza kidogo, ama mimi ndiye ninayetaka vicheze. Mwambie Muath asihangaike na viza, ana watoto wadogo. Tunis wanakula pilipili kali, nenda na tumbo lililojiandaa. Na ubebe sweta, usidanganywe na picha za bahari.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Namwonea huruma Nayif. Mpikie vizuri kabla hujaondoka. Namwonea huruma na yule mwingine.

Lakini ngoja nikwambie kitu, na usilie, maana sikwambii ili ulie.

Wanaume wamekaa vikao viwili juu yangu. Cha kwanza mimi nilikuwa jikoni, cha pili nilikuwa Dammam. Katika cha kwanza walisema nilikataa, katika cha pili wakasema sikuulizwa. Wakanywa kahawa, wakafuta midomo, jambo limekwisha. Rushdi alimwuliza Nayif. Nayif alimjibu Rushdi. Simu yangu iko hapa juu ya meza, namba haijabadilika, na Nayif anayo. Haijalia.

Na wewe, mwerevu wangu. Uliniuliza kama nilikataa, kwa sababu kesi yako ilihitaji kujua. Nikakueleza kwamba nilisimama jikoni nimefuta mikono na jibu liko mdomoni. Ukaandika kurasa nne kunipongeza kwamba sikuulizwa. Hukuuliza jibu lenyewe lilikuwa nini.

Ukipita Nawras kabla ya safari, ongeza kiti kimoja. Usikiweke kwenye safu. Kiweke nyuma ya ukuta, pale ambapo kahawa inachemshwa, na usiandike kitu.

Nakuacha hapa, ni wakati wa kumgeuza.

Shangazi yako,
Nijma